Sera ya Nje ya Kenya ni Mali ya Nani?

Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, ndege iliyobeba kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya ilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Askari wakashuka na silaha na bendera, tayari kuwasaidia Wahaiti dhidi ya magenge yaliyokuwa yameshika sehemu kubwa ya mji huo. Siku hiyohiyo Nairobi, vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha walivunja uzio wa Bunge wakaingia ndani, sehemu ya jengo ikashika moto, na polisi wakafyatua risasi za moto. Siku moja kabla, Rais William Ruto alikuwa Embakasi akiwaaga askari wa Haiti, huku Marekani ikiipa Kenya rasmi cheo cha mshirika mkuu wa kijeshi aliye nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kukipata. Siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais huyohuyo alisimama mbele ya kamera akasema kwamba mswada ule hatautia sahihi.

Tumezoea kuzitenganisha habari za namna hii, za ndani kivyake na za nje kivyake. Waliokuwa barabarani siku ile hawakuzitenganisha. Walibeba mabango yaliyolitaja Shirika la Fedha Duniani kwa jina, kwa kuwa walijua kwamba kodi mpya za shilingi bilioni 346 zilihusiana na madeni ya nje na masharti ya wakopeshaji. Walijua pia kwamba mwezi mmoja kabla Rais alikuwa Washington kwa ziara ya kitaifa, na ndege ya kukodi iliyompeleka ilikuwa imezua ghadhabu nyumbani juma zima. Swali lililosikika katika matatu na vibandani lilikuwa jepesi: kama tuna polisi wa kwenda kulinda raia wa nchi ya mbali, mbona hawa wa hapa wanatupiga risasi?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Nchini Kenya ni kawaida kusikia mabalozi wastaafu na wachambuzi wakilalamika kwamba siasa za nyumbani zimeingilia sera ya nje na kuiharibu. Sikubaliani nao, angalau si kwa namna wanavyosema. Katika demokrasia, siasa za nyumbani ndizo zinazopaswa kuielekeza sera ya nje. Ziingie kutoka wapi tena? La kuuliza ni siasa za nani. Kwa miaka mingi zilizoingia ni siasa za mwenye Ikulu na wanaomzunguka: hofu yao, kesi zao, wapinzani wao, chaguzi zao. Siasa za mkulima, za mfanyakazi wa ndani aliyeko Riyadh, za mzazi wa askari, zimekuwa zikisubiri mlangoni.

Mwaka 1988 mwanazuoni wa Kimarekani Robert Putnam aliandika kwamba kiongozi anayejadiliana na nchi nyingine huketi kwenye meza mbili kwa wakati mmoja, moja ya wageni na moja ya watu wake. Akikubali jambo kwenye meza ya nje ambalo meza ya ndani italikataa, makubaliano yamekufa. Mfano huo unafaa sana, ila nchini Kenya unahitaji nyongeza. Meza ya ndani ilikuwepo tangu 1963, lakini kwa muda mrefu aliyeketi pale alikuwa mtu mmoja. Viti vingine vilianza kuwekwa baada ya kifungu cha 2A cha Katiba kilichohalalisha chama kimoja kufutwa mnamo Desemba 1991, na vikaongezeka kwa Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010. Waliovikalia bado wanajifunza kunyoosha mkono.

Tangu mwanzo hofu ya ndani ndiyo iliyochora ramani ya nje. Kabla ya uhuru, tume iliyotumwa mwaka 1962 iligundua kwamba wengi wa Wasomali katika wilaya za kaskazini mashariki walitaka kuungana na Somalia. Serikali ya Jomo Kenyatta ikawakatalia, na vita vya shifta vikaiunguza kaskazini. Kutokana na hofu hiyo Nairobi ilifunga mkataba wa ulinzi na Ethiopia ya Haile Selassie, ambayo nayo ilihofia madai ya Mogadishu. Mfalme alipopinduliwa na wanajeshi waliojiita Wamaksi wakashika Addis Ababa, ungetarajia Kenya, rafiki wa Magharibi, ijitenge nao. Haikujitenga. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi aliuhuisha urafiki huo na Mengistu Haile Mariam. Garissa na Wajir zilikuwa na uzito zaidi kuliko Moscow na Washington.

Moi aliongeza lake. Mwaka 1990 balozi wa Norway alihudhuria mahakamani kesi ya uhaini ya Koigi wa Wamwere, mpinzani aliyekuwa ameishi uhamishoni nchini humo. Oktoba mwaka huo Kenya ikakata uhusiano wa kibalozi na Norway. Norway ilikuwa ikigharamia miradi ya maendeleo Turkana, mojawapo ya sehemu maskini kabisa za nchi, na misaada hiyo ikakatika. Watu wa Turkana hawakuulizwa. Rais alikasirishwa na mgeni aliyemwona mpinzani wake kizimbani, na gharama ikalipwa Lodwar, mji wa Turkana.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya, na wiki chache baadaye vyama vingi vikaruhusiwa. Wako wanaosema demokrasia ya Kenya ilitoka Paris. Ni kuwaonea waliopigwa virungu siku ya Saba Saba mwaka 1990 na waliofungwa bila kufikishwa mahakamani. Wafadhili walikaza kamba wakati Vita Baridi vimekwisha na Moi hana tena cha kuwauzia. Waliokuwa wameishika kamba hiyo tangu zamani ni Wakenya wenyewe.

Kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi kiongozi anavyoweza kuibeba nchi nzima mgongoni mwa shida yake, kwa hiyo nitazieleza kwa urefu.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kofi Annan alipatanisha, na tarehe 28 Februari 2008 wagombea wakuu, Mwai Kibaki na Raila Odinga, wakatia sahihi mwafaka. Tume ya Jaji Philip Waki ilipendekeza mahakama maalumu ya hapa nchini, ikafunga majina ya washukiwa katika bahasha na kumkabidhi Annan. Februari 2009 Bunge lilishindwa kuupitisha mswada wa kuanzisha mahakama hiyo. Baadhi ya wabunge waliukataa wakiamini kwamba Hague iko mbali na mkono wake mfupi. Wengine waliukataa kwa sababu hawakuziamini mahakama za Kenya. Bahasha ikaenda kwa mwendesha mashtaka wa Hague, Luis Moreno-Ocampo, na tarehe 15 Desemba 2010 akataja majina sita, yakiwemo ya Uhuru Kenyatta na William Ruto.

Wiki moja baadaye wabunge walewale walipitisha hoja ya kutaka Kenya ijitoe katika Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama ya Hague. Mwanzoni mwa 2011 Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka akaanza kuzunguka miji mikuu ya Afrika kuomba kesi ziahirishwe. Wizara ya Mambo ya Nje, pamoja na mabalozi wake na fedha za mlipakodi, ikawa ofisi ya utetezi ya watu sita. Wakati huo maelfu ya waliofukuzwa makwao walikuwa bado kambini chini ya maturubai, na hakuna ndege iliyokodiwa kwenda kuwatetea.

Kisha siasa ikafanya kazi yake. Mwaka 2007 Uhuru na Ruto walikuwa kambi mbili tofauti, na watu wao waliuana katika Bonde la Ufa. Kesi zikawaunganisha. Katika kampeni za 2013 walizigeuza kuwa kura ya maoni kuhusu uhuru wa nchi. Johnnie Carson, aliyekuwa akishughulikia Afrika katika serikali ya Marekani, alipotamka mnamo Februari kwamba maamuzi huwa na matokeo, aliwasaidia kuliko mabango yao yote. Wapiga kura wengi waliokuwa na shaka waliona mgeni akiwaelekeza mkono. Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Katika mdahalo wa wagombea Uhuru alikuwa amesema kesi hiyo ni jambo lake binafsi ambalo halitamzuia kuongoza. Alipoapishwa, jambo binafsi likawa la taifa, kisha likawa la bara. Oktoba 2013 Umoja wa Afrika ulifanya kikao maalumu Addis Ababa na kutamka kwamba kiongozi aliyeko madarakani asifikishwe mbele ya mahakama ya kimataifa. Novemba 15 Kenya na marafiki zake walipeleka ombi la kuahirisha kesi katika Baraza la Usalama: nchi 7 ziliunga mkono, 8 zikajizuia kupiga kura, ombi likaanguka. Tarehe 8 Oktoba 2014 Uhuru alikwenda Hague mwenyewe, akimwachia Ruto madaraka ya urais kwa muda ili asimame kule kama raia wa kawaida. Desemba hiyo mwendesha mashtaka aliondoa mashtaka dhidi yake, akilalamikia ushahidi na ushirikiano wa serikali. Kesi ya Ruto na mtangazaji Joshua Sang ilisitishwa Aprili 2016.

Kenya haikujitoa katika Mkataba wa Roma, pamoja na kura zote zilizopigwa bungeni. Hapo ndipo ninapopata uamuzi wangu. Kama suala lingekuwa uhuru wa nchi kweli, tungejitoa, maana mahakama ni ileile na mkataba ni uleule. Kesi zilipokwisha, hoja ya uhuru wa nchi ilikwisha nazo. Na waliouawa Kiambaa, Naivasha, Kisumu na Kibera hawajapata hukumu ya mtu yeyote mkubwa, huko wala hapa.

Msimamo ule ulizaa mengine. Agosti 2013 Uhuru alizuru Urusi na China. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alizuru Afrika mwaka huo akaipita Nairobi na kutua Dar es Salaam. Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kufanya vikao vya miundombinu bila Tanzania, hadi Rais Jakaya Kikwete akalieleza Bunge lake mnamo Novemba kwamba Tanzania haina nia ya kutoka katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisemi kwamba yote haya yalisababishwa na Hague. Reli na bomba la mafuta yalikuwa na sababu zake za kiuchumi. Lakini rais anayetafuta marafiki wa kusimama naye kortini huchagua marafiki kwa kipimo tofauti na rais anayetafuta soko la parachichi.

Reli yenyewe ni somo jingine. Mkataba wa reli ya kisasa, SGR, kati ya Mombasa na Nairobi uligharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Treni ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, wiki 10 kabla ya uchaguzi wa Agosti 8. Hati za mkopo zikafungiwa. Wanaharakati, Okiya Omtatah akiwa miongoni mwao, wakaenda mahakamani, wengine kuupinga ununuzi wa reli, wengine kudai kuziona hati hizo. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba ununuzi wa reli hiyo ulikiuka sheria. Katika kampeni za 2022 Ruto, aliyekuwa naibu rais wakati reli inajengwa, aliahidi kuzianika, na Novemba mwaka huo waziri Kipchumba Murkomen akatoa sehemu yake. Basi mkataba wa nchi na nchi ulifunguliwa kwa sababu mgombea alihitaji kura. Sina haja ya kuisafisha nia yake. Ninachokiona ni kwamba kura ilifanya kazi ambayo Bunge lilikuwa limeshindwa kuifanya kwa miaka 8.

Twende sasa Maua, kaunti ya Meru, kwa sababu kule sera ya nje hufungwa kwa majani ya mgomba. Miraa haingoji. Ikichumwa alfajiri, inapangwa, inafungwa vitita, inafunikwa majani mabichi isikauke, na kufikia mchana magari aina ya pikapu yanateremka kuelekea Nairobi kwa mwendo unaowafanya wenye magari mengine wapishe kando. Lazima mzigo ufike Uwanja wa Ndege wa Wilson mapema, upae, utafunwe Mogadishu siku hiyo. Ukilala siku mbili, bei imekufa.

Uingereza ilipopiga marufuku miraa mnamo Juni 2014, viongozi wa Meru walifunga safari hadi London kubembeleza na wakarudi mikono mitupu. Likabaki soko la Somalia. Machi 2020 Somalia ilizuia ndege za miraa kwa sababu ya korona. Desemba hiyo ikakata uhusiano na Kenya, ikiituhumu kuingilia mambo yake. Nairobi ilikuwa imempokea rais wa Somaliland, ilikuwa ikimpendelea kiongozi wa Jubaland, na nchi hizo mbili zilikuwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kugombania mpaka wa bahari. Uhusiano ulirudishwa Mei 2021 kwa upatanishi wa Qatar, lakini miraa ikabaki nje. Kwa zaidi ya miaka 2 familia za Igembe zilitazama mashamba yakichipua bila mnunuzi wa maana, watoto wakirudishwa nyumbani kwa karo.

Biashara hiyo ilifunguliwa lini? Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, baada ya Rais Hassan Sheikh Mohamud kuja Nairobi na kukubaliana na Uhuru. Kama kulikuwa na hesabu ya kura ndani yake, haikuzaa: Uhuru alikuwa akimuunga mkono Raila, na Meru ikampa Ruto kura kwa wingi. Mkulima alikwishahesabu miezi aliyolala njaa. Nikimfikiria mtu huyo naona upungufu ulipo. Hakuna mahali popote ambapo sauti yake ilihitajika kisheria wakati Nairobi ikiamua kuhusu Jubaland au bahari. Alisikilizwa kama mpiga kura tu, mara moja kwa miaka 5, na hapo alikuwa akisikilizwa kwa ajili ya jambo lililokwisha kumuumiza.

Uhusiano na Somalia una upande mzito zaidi. Oktoba 2011, baada ya watalii kutekwa katika visiwa vya Lamu na wafanyakazi wa misaada kuchukuliwa Dadaab, majeshi ya Kenya yalivuka mpaka katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Katiba mpya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, nayo inasema kwamba majeshi yakipelekwa nje ya nchi, Bunge liidhinishe. Wanajeshi walivuka kwanza. Mjadala ukaja nyuma yao. Pwani ilihitaji ulinzi, hilo halina ubishi, na anayeijua Lamu anajua jinsi hoteli zilivyofungwa na manahodha walivyokaa bila kazi. Ila uamuzi wa kuingia vitani ulikatwa na watu wachache, na watu wengi wakaulipia: 67 waliuawa Westgate mnamo Septemba 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015.

Serikali iliyoumizwa hutafuta wa kulaumiwa, na mgeni ndiye aliye karibu. Mwaka 2016 ilitangaza kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na uchaguzi ulikuwa mwaka uliofuata. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana: kuwarudisha wakimbizi kwa nguvu ni kinyume cha Katiba na cha mikataba ambayo Kenya imeitia sahihi. Amri ya serikali kuhusu wageni, katika mwaka wa uchaguzi, ikizuiwa na jaji. Kwa nchi ambayo kizazi kimoja nyuma mahakama zake zilikuwa zikimwogopa rais, hatua hiyo ni kubwa kuliko tunavyokumbuka.

Mahakama zimeendelea hivyo. Haiti nayo ilipita huko. Ruto alijitolea kupeleka polisi 1,000 mnamo Julai 2023, na Oktoba Baraza la Usalama likaidhinisha kikosi. Ekuru Aukot, mwanasheria na aliyewahi kugombea urais, akaenda kortini. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa lina uwezo wa kupeleka wanajeshi nje, si polisi, na kwamba polisi wanaweza kwenda tu katika nchi iliyo na makubaliano ya kusaidiana na Kenya. Serikali ikamwita Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, Nairobi kutia sahihi makubaliano hayo Machi 1. Wakati yuko nje magenge yakaufunga mji wake, akashindwa kurudi, na mwishowe akajiuzulu. Askari walikwenda hatimaye, na baadhi yao hawakurudi wakiwa hai. Unaweza kusema kesi haikuzuia lolote. Mimi nasema kesi ililazimisha swali la uhalali kujibiwa hadharani, na jibu lilipotolewa kwa haraka kila mtu aliona haraka hiyo.

Mahali ambapo hakuna jaji wala Bunge, mambo huwa mabaya zaidi. Siku moja baada ya kuapishwa Septemba 2022, Ruto alikutana na ujumbe wa Morocco, kisha akaandika Twitter kwamba Kenya imefuta utambuzi wake wa Jamhuri ya Sahara Magharibi, ambayo kiongozi wake alikuwa bado hajaisahau karamu ya kuapishwa aliyoalikwa jana yake. Andiko likafutwa. Siku mbili baadaye Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, Macharia Kamau, akawaandikia mabalozi kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya nje kwenye Twitter na msimamo uko palepale. Ukitaka kujua ilikuwaje, tazama gunia la mbolea. Ruto alishinda kwa ahadi za unga na kilimo. Katika hotuba ya kuapishwa aliahidi kuiteremsha mbolea kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 kwa gunia la kilo 50. Morocco ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, na taarifa ya siku ile ilitaja biashara ya mbolea. Kumtafutia mkulima mbolea ni siasa njema ya nyumbani. Kubadilisha kwa sentensi chache msimamo wa nchi juu ya haki ya watu kujiamulia, bila Baraza la Mawaziri wala Bunge kujadili, ni jambo jingine. Mei 2025 Kenya iliunga mkono hadharani mpango wa Morocco kuhusu Sahara Magharibi, bado pasipo mjadala wa maana nyumbani.

Mfano wa karibu zaidi ni azma ya marehemu Raila Odinga kuongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Alikuwa na sifa. Hakuna aliyelitilia hilo shaka. Lakini serikali iliyomwita mvunja amani katika maandamano ya 2023 ndiyo iliyomzindua Ikulu mnamo Agosti 2024, mbele ya marais wa Uganda, Tanzania na Sudan Kusini, muda mfupi baada ya watu wa chama chake kuingizwa katika Baraza la Mawaziri lililovunjwa na ghadhabu ya vijana. Kila Mkenya aliisoma kama hesabu ya uchaguzi wa 2027. Afrika nayo inasoma. Tarehe 15 Februari 2025, Raila aliongoza raundi mbili za kwanza, kisha kura zikahama, na baada ya raundi ya 6 akajiondoa. Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akashinda. Siku chache baadaye Nairobi ikawapokea viongozi wa kundi la wapiganaji la RSF la Sudan na washirika wao katika jumba la mikutano la KICC kutia sahihi hati ya serikali yao. Serikali ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani na kupiga marufuku bidhaa za Kenya. Sudan ilikuwa mnunuzi wa majani chai yetu. Aliyekatwa mapato ni mchumaji wa Kericho na Murang'a, na yeye hakukutana na RSF.

Wapo watakaonijibu kwamba diplomasia haiwezi kuendeshwa kwa mikutano ya hadhara, na kwamba nchi nyingine zitatucheka zikiona kila neno la rais linapelekwa kortini. Usiri una mahali pake: mazungumzo ya kuwaokoa mateka hayafanywi redioni. Lakini mambo niliyoyataja hayakuharibika kwa kuwekwa wazi. SGR ilikuwa ya siri, Sahara Magharibi iliamuliwa faraghani, KICC ilitushtua sote asubuhi. Na nchi inayojulikana kwamba rais wake hawezi kuahidi bila Bunge huaminiwa zaidi, kwa kuwa ahadi yake haifi pamoja na muhula wake.

Nyenzo tunazo. Katiba imeifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya, na Sheria ya Mikataba ya 2012 inataka Bunge liijadili na wananchi washirikishwe kabla ya kuridhiwa. Mabalozi huhojiwa na wabunge, ingawa mara nyingi mahojiano hayo huishia kuwapitisha wanasiasa walioangushwa na wapiga kura. Wakenya walio ng'ambo walituma karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na tangu 2022 jina la wizara linawataja. Hata hivyo, mama ambaye bintiye amefia Saudia bado hupanga foleni, picha mkononi, akiomba maiti irudishwe. Huyo naye ni sera ya nje.

Nina ombi moja kwa Bunge, na kwako msomaji unayeweza kumpigia simu mbunge wako. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wetu El Adde, Somalia. Rais wa Somalia alitamka baadaye kwamba waliouawa walikuwa kati ya 180 na 200. Serikali ya Kenya haijatoa idadi rasmi. Idadi hiyo idaiwe bungeni, na majina yasomwe mbele ya wazazi wao.